Ratili Moja ya Zebaki: Namna Uzito wa Taka Hatarishi Unavyoamua Nani Apewe Taarifa

Katika maghala ya hospitali nyingi kuna rafu ambayo haiguswi kwa miaka. Juu yake hukaa vitu vilivyotolewa wodini bila kupangiwa pa kwenda: mizani iliyovunjika, taa za upasuaji zilizoungua, na mara nyingi boksi la mashine za zamani za kupimia shinikizo la damu, zile zenye mrija wa kioo na zebaki inayopanda na kushuka. Siku hospitali inapoamua kusafisha ghala, mtunza ghala hulibeba boksi hilo hadi mlangoni, na hapo huibuka swali ambalo halimo katika mafunzo ya kawaida ya udaktari wala uuguzi. Je, boksi hili linaweza kupakiwa kwenye gari kama mzigo mwingine? Likipasuka njiani, ni nani anayepaswa kuambiwa, na kuanzia uzito gani?

Mashine moja ya aina hiyo kwa kawaida hubeba gramu 80 hadi 100 za zebaki, na nyingine hubeba zaidi. Boksi lenye mashine 12 linaweza kuwa na karibu kilo moja au zaidi ya metali hiyo. Kwa ujazo ni kidogo mno, kwa kuwa zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, na kilo nzima haijazi kikombe cha chai. Hata hivyo, kwa mujibu wa sheria ya Marekani, kiasi hicho kimevuka zaidi ya mara mbili mpaka ambao baada yake taarifa hutolewa kwa serikali ya shirikisho. Mpaka wa zebaki ni ratili moja, yaani gramu 454.

Mpaka huo huitwa kiasi cha kuripotiwa. Ni dhana iliyozaliwa katika sheria ya nchi moja, lakini hesabu yake inamfaa mtumishi wa afya popote alipo. Humfundisha kuuliza mambo matatu kuhusu kila taka inayotoka hospitalini: ni nini, iko kwa mkusanyiko gani, na ni uzito kiasi gani. Humfundisha pia jambo la nne, ambalo kwa daktari ndilo kubwa zaidi, kwamba uzito usiolazimu taarifa si lazima uwe uzito usiodhuru.

Sheria iliyotokana na mfereji

Mwaka 1942 hadi 1953, katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, kampuni moja ya kemikali ilizika takriban tani 20,000 za taka katika mfereji uliotelekezwa uitwao Love Canal. Mfereji ulifukiwa, na mwaka 1953 ardhi hiyo ikauzwa kwa bodi ya shule kwa dola moja. Shule ilijengwa hapo, na nyumba zikafuata. Miaka ilipopita, vimiminika vyenye harufu kali vilianza kuchuruzika katika vyumba vya chini vya nyumba na katika viwanja ambako watoto walicheza. Agosti 1978, Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura, na familia zikaanza kuhamishwa.

Miongoni mwa mambo yaliyowaumiza wakazi wa Love Canal ni kutokujua. Hawakuwa na njia ya kufahamu ni kitu gani kilikuwa chini ya miguu yao, na ni kiasi gani. Desemba 1980, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusafisha maeneo yaliyochafuliwa, ambayo wengi huiita Superfund. Ndani yake mliwekwa kanuni iliyo nyepesi kuieleza: mtu mwenye dhamana ya chombo au kituo, akijua kwamba kitu hatarishi kimemwagika katika mazingira kwa kiasi kinachofikia au kupita kiasi cha kuripotiwa ndani ya saa 24, ni lazima atoe taarifa mara moja. Taarifa hiyo hupokelewa na kituo cha taifa kinachoendeshwa na Walinzi wa Pwani, usiku na mchana.

Miaka minne baadaye, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilivuja kutoka kiwandani Bhopal, India, na kuua maelfu ya watu. Madaktari wa mji ule walipokea wagonjwa waliokuwa wakikohoa na kupofuka bila kuwa na taarifa kamili ya gesi iliyowadhuru. Baada ya msiba huo, mwaka 1986, Marekani iliongeza sharti jingine, kwamba taarifa isiishie kwa serikali ya shirikisho, bali ifike pia kwa mamlaka za jimbo na za eneo husika. Zimamoto na hospitali ya jirani ndio wanaokutana na majeruhi wa kwanza.

Namba hupatikanaje?

Sheria ya mwaka 1980 ilianza kwa tahadhari. Vitu vingi vilipewa kiasi cha ratili moja hadi hapo vitakapochunguzwa. Kuanzia mwaka 1985, Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani, EPA, ulianza kuzirekebisha namba hizo kwa utaratibu wa kisayansi. Matokeo yake ni ngazi tano tu: ratili 1, 10, 100, 1,000 na 5,000. Kwa kilo, ni 0.454, 4.54, 45.4, 454 na 2,270.

Ili kukipangia kitu ngazi, wataalamu hukipima kwa vigezo sita: sumu yake kwa viumbe wa majini; sumu yake kwa mamalia kwa njia ya kumeza, ya ngozi na ya kuvuta hewa; wepesi wake wa kushika moto; ukali wake wa kuingiliana na vitu vingine; madhara ya kukaa nacho kwa muda mrefu; na uwezekano wa kusababisha saratani. Kila kigezo hutoa ngazi yake, na iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayoshinda. Kitu kinaweza kuwa kipole katika vigezo vitano, lakini kikiwa kikali katika kigezo cha sita, hicho kimoja ndicho kinachoamua. Baada ya hapo huangaliwa kama kitu hicho huoza, huvunjwa na maji au huvunjwa na mwanga kwa haraka. Kikiwa hivyo, kinaweza kupandishwa ngazi moja, kwa sababu hakidumu katika mazingira.

Ndiyo maana orodha hiyo ina mambo yanayomshangaza anayeisoma kwa mara ya kwanza. Zebaki ina ratili 1. Dawa ya saratani melphalan nayo ina ratili 1, na cyclophosphamide ina ratili 10. Gesi ya ethilini oksaidi, inayotumika kutakasa vifaa visivyostahimili joto, ina ratili 10. Formaldehaidi, ambayo ndiyo kiini cha fomalini, ina ratili 100. Fenoli ina ratili 1,000. Methanoli na asetoni zina ratili 5,000 kila moja.

Hesabu ya mzigo mmoja

Kanuni za usafirishaji za Marekani zinatumia namba hizi kwa njia yake. Kifurushi kimoja huhesabiwa kuwa na kitu hatarishi cha kuripotiwa iwapo masharti mawili yametimia kwa pamoja. Kwanza, uzito wa kitu hicho ndani ya kifurushi hicho kimoja ufikie kiasi chake. Pili, ikiwa kimechanganywa na vitu vingine, mkusanyiko wake kwa uzito ufikie kiwango kilichowekwa kwa ngazi yake: asilimia 10 kwa vitu vya ratili 5,000, asilimia 2 kwa vya ratili 1,000, asilimia 0.2 kwa vya ratili 100; asilimia 0.02 kwa vya ratili 10. Na asilimia 0.002 kwa vya ratili 1. Masharti hayo yakitimia, herufi RQ huandikwa katika hati ya shehena na juu ya kifurushi chenyewe, ili dereva, mzimamoto na daktari wa zamu wajue mara moja.

Fomalini ya maabara ya patholojia ni mfano mzuri. Fomalini kali inayonunuliwa kiwandani ina takriban asilimia 37 ya formaldehaidi kwa uzito. Pipa la lita 200 lina uzito wa kilo 218 hivi, na humo mna karibu kilo 80 za formaldehaidi. Kiasi cha kuripotiwa ni kilo 45.4, na mkusanyiko umepita asilimia 0.2 kwa mbali. Pipa hilo linastahili herufi RQ.

Sasa lichukuliwe pipa jingine la ukubwa uleule, lakini lenye fomalini iliyozimuliwa kwa ajili ya kuhifadhi vipande vya nyama vilivyokatwa kwa uchunguzi. Mkusanyiko wake ni kama asilimia 4. Katika lita 200 mna kilo 8 tu za formaldehaidi. Sharti la mkusanyiko limetimia, lakini la uzito halikutimia. Pipa hilo halibebi herufi RQ. Yote mawili yanatoa harufu ileile inayochoma macho, na kwa jicho la mpita njia hayana tofauti. Kinachoyatenganisha ni lebo iliyoandikwa kwa uaminifu na mtu aliyeyajaza.

Mfano wa pili unaonyesha mahali ambapo watu wengi hukosea. Maabara hiyohiyo hutumia zailini kusafisha vipande kabla ya kuvigandisha katika nta. Zailini iliyotumika ina kiasi cha kuripotiwa cha ratili 100, yaani kilo 45.4. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 17 hivi, kwa hiyo dumu moja halifiki mpaka. Gari likibeba madumu matatu, kila dumu ni kifurushi chake, na hakuna hata kimoja kinachohitaji herufi RQ. Lakini gari hilo likipinduka na madumu yote matatu yakamwagika mtaroni siku hiyo, kilichoingia katika mazingira ni kilo 51. Mpaka umevukwa, na taarifa ni lazima.

Hapo ndipo penye fundisho. Kanuni ya safari huhesabu kila kifurushi peke yake, ilhali kanuni ya kumwagika huhesabu jumla ya kilichotoka ndani ya saa 24. Aliyesoma ya kwanza akasahau ya pili atasimama kando ya mtaro akisema mzigo wake haukuwa na alama yoyote, na atakuwa amesema kweli, huku akiwa amevunja sheria.

Taka isiyojulikana ndiyo nzito kuliko zote

Kuna kanuni mbili zaidi zinazogusa hospitali moja kwa moja. Ya kwanza inahusu mchanganyiko uliomwagika. Ikiwa kiasi cha kila kitu hatarishi ndani yake kinajulikana, kila kimoja hulinganishwa na mpaka wake. Ikiwa hakijulikani, uzito wa mchanganyiko wote huhesabiwa kana kwamba ni kitu kile tupu. Dumu lisilo na lebo, ambalo ndani yake huenda mna zebaki kidogo na maji mengi, huhesabiwa lote.

Ya pili inahusu taka zisizotajwa kwa jina katika orodha, lakini zilizo na tabia ya hatari. Taka inayoshika moto kwa urahisi, inayobabua au inayolipuka hupewa ratili 100. Taka yenye sumu hupewa namba ya sumu iliyomo ndani yake, na namba hiyo hutumika kwa taka nzima, si kwa ile sumu peke yake. Ikiwa na sumu zaidi ya moja, namba ndogo ndiyo inayotawala. Maji ya kusafishia filamu za eksirei katika vituo ambavyo bado vinatumia chumba cha giza huwa na fedha iliyoyeyuka. Yakipita miligramu 5 za fedha kwa lita katika kipimo cha maabara, huhesabiwa kuwa taka yenye sumu, na fedha ina ratili 1. Maana yake ni kwamba nusu lita ya maji hayo ikimwagwa nyuma ya jengo, mpaka umefikiwa, ingawa fedha yenyewe ni chembe tu.

Ni rahisi kuziona kanuni hizi kuwa kali kupita kiasi. Lakini zina hekima ndani yake: asiyejua alichonacho hapewi nafuu kwa sababu ya kutokujua kwake. Kuandika lebo siku chombo kinapojazwa, kwa kalamu isiyofutika, ni kazi ya dakika moja. Kuitafuta habari ileile miaka mitano baadaye huhitaji maabara, fedha na bahati.

Chini ya mpaka si salama

Kwa mtumishi wa afya, kosa la hatari zaidi ni kuusoma mpaka wa taarifa kana kwamba ni kipimo cha dozi. Methanoli inadhihirisha hilo. Kiasi chake cha kuripotiwa ni kilo 2,270, pipa juu ya pipa. Hata hivyo mililita 10 zikinywewa zinaweza kumpofusha mtu, na mililita 30 hivi zinaweza kumuua. Familia nchini Kenya zilizopoteza ndugu kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli hazihitaji kuelezwa tofauti hiyo. Namba kubwa ya methanoli inatokana na jinsi inavyooza upesi katika udongo na maji. Haisemi lolote kuhusu ujasiri wa kuionja.

Zebaki nayo ina fundisho lake. Kipimajoto kimoja cha kioo hubeba gramu moja hivi. Ingehitajika mamia yake kufikia ratili moja. Tena, kilichovunjika na kubaki ndani ya jengo hakihesabiwi kuwa kimeingia katika mazingira kwa maana ya sheria ile, maadamu hakijatoka nje. Kwa hiyo kipimajoto kilichovunjika katika wodi ya watoto hakina mahali popote katika orodha ya taarifa. Lakini matone yake yakiingia katika nyufa za sakafu, huendelea kutoa mvuke usio na rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, takriban asilimia 80 yake hupita mapafuni na kuingia katika damu. Kutoka hapo hufika katika ubongo na figo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Mvuke mwingi kwa wakati mmoja huleta kikohozi, maumivu ya kifua na kupumua kwa shida. Mvuke kidogo wa muda mrefu huleta dalili zinazopotea kirahisi kati ya malalamiko mengine ya kliniki: mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za haraka, kusahau, ufizi kuvimba. Daktari anayemwona mgonjwa wa namna hiyo na asimuulize kuhusu kazi yake na nyumba yake anaweza kumtibu kwa miezi bila mafanikio. Mchimbaji mdogo anayechoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki jikoni kwake anastahili kuulizwa swali hilo, na mke na watoto wake pia.

Ajabu ni kwamba kumeza zebaki ya kipimajoto si hatari kama kuvuta mvuke wake, kwa kuwa utumbo hufyonza sehemu ndogo sana ya metali hiyo. Mzazi ambaye mtoto wake ameuma kipimajoto hupaswa kuambiwa hivyo kwa upole, kisha aelekezwe pale penye hatari yenyewe, yaani vioo mdomoni na matone sakafuni.

Zailini na fomalini zina madhara yake. Zailini huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu, na mvuke wake huweza kushika moto kuanzia nyuzi 27 hivi za Selsiasi, joto ambalo mchana wa Dar es Salaam hulipita mara kwa mara. Formaldehaidi imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Fundi wa maabara anayevuta hewa yake kila siku katika chumba kisicho na feni hajawahi kukaribia kilo 45. Bado yuko hatarini.

Mikataba isiyopima kwa ratili

Tanzania haina sababu ya kuiga namba za Marekani kama zilivyo, na imejifunga kwa mikataba inayokwenda kwa njia nyingine. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ulioanza kutumika mwaka 1992, unaitambua taka ya kliniki kutoka hospitalini kuwa aina ya kwanza kabisa katika orodha yake ya taka za kudhibitiwa. Chini ya mkataba huo, taka hatarishi haivuki mpaka wa nchi mpaka nchi inayopokea, na zile zinazopitiwa, ziarifiwe kwa maandishi na kuridhia kwa maandishi. Wajibu huo hausubiri ratili ifike. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ulikwenda mbali zaidi kwa kupiga marufuku uingizaji wa taka hatarishi barani Afrika. Marekani ilitia saini Mkataba wa Basel, lakini haijauridhia.

Sababu ya Afrika kuwa na tahadhari ilionekana Agosti 2006. Meli iitwayo Probo Koala, baada ya kushindwa kushusha taka zake Amsterdam, ilizifikisha Abidjan, Ivory Coast, na taka hizo zikamwagwa usiku katika maeneo mbalimbali ya mji. Kwa makadirio rasmi, watu 15 walifariki, na mahudhurio ya kutafuta matibabu yalizidi 100,000. Hospitali zilijaa watu wenye kutokwa damu puani, kichefuchefu na kupumua kwa shida. Madaktari waliwatibu bila kujua kwa uhakika ni kitu gani wanakitibu. Karatasi ya kweli, iliyotangulia mbele ya shehena, ingewasaidia kuliko dawa nyingi walizoandika wiki ile.

Kwa upande wa zebaki, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje vipimajoto na mashine za shinikizo la damu zenye zebaki, isipokuwa kwa misamaha maalumu. Tanzania imeuridhia. Hii ndiyo sababu maboksi yale yamejaa katika rafu za maghala. Vifaa vimeondolewa kazini kwa haki, lakini safari yao haijakamilika.

Wajibu wa mtumishi na wa mwananchi

Ndani ya nchi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, dhamana ya kusimamia taka hatarishi, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inasimamia kemikali za viwandani na majumbani. Hospitali inayotaka kuhamisha taka za aina hii huanza kwa kuwauliza wao. Haianzi kwa kumtafuta mwenye gari.

Kabla ya swali hilo, kuna kazi ya ndani. Afisa afya wa hospitali na mkuu wa maabara waorodheshe kila chombo: jina la kilichomo, mkusanyiko, uzito, tarehe na idara kilikotoka. Vitu visivyojulikana viwekwe peke yake, wala visimiminwe pamoja ili kupunguza idadi ya madumu, kwa maana mchanganyiko huo ndio unaogeuza tatizo dogo kuwa kubwa. Vifaa vya zebaki viwekwe wima katika chombo cha plastiki chenye mfuniko, mahali penye hewa na penye kufuli. Visitiwe kamwe katika mfuko unaokwenda kwenye tanuri la kuchomea taka. Tanuri haliiangamizi zebaki, huigeuza mvuke na kuipeleka juu ya paa za majirani. Ikishuka ziwani au mtoni, vijidudu huibadilisha kuwa zebaki ya kikaboni inayojikusanya katika samaki.

Kipimajoto kikivunjika, wagonjwa na watoto waondolewe chumbani, madirisha yafunguliwe, na feni inayosukuma hewa kwenda vyumba vingine izimwe. Anayesafisha avue pete na saa, avae glavu, akusanye matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, ayanyonye kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na amalizie kwa utepe wa kunata. Vyote vifungwe katika chupa yenye lebo. Ufagio huyasambaza matone, mashine ya kufyonza vumbi huyageuza mvuke, na sinki huyapeleka pasipofikika. Vyote vitatu visitumike.

Mwananchi naye ana sehemu yake, hasa barabarani. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Petroli haimo hata katika orodha ya Marekani iliyoelezwa hapa, kwa kuwa sheria ile iliiacha nje. Jambo hilo pekee latosha kuonyesha kwamba kutokuwapo kwa alama si ruhusa ya kusogea. Gari lenye mapipa likipinduka, watu wakae mbali, upande ambao upepo unatokea, wasiguse wala kuonja, wapige simu Zimamoto kwa namba 114, na wawatajie rangi za alama na herufi wanazoziona kwa mbali. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji mengi kabla ya kupakiwa garini, na anayempeleka hospitali aseme wazi alikuwa karibu na nini.

Mgonjwa mwenye kipimajoto cha zebaki nyumbani, au dawa za saratani zilizobaki baada ya mpendwa wao kufariki, asivitupe jalalani na asivichome uani. Avirudishe katika kituo alikotibiwa na aombe vipokelewe. Kituo kisichojua la kufanya kina wajibu wa kuuliza ngazi ya juu, na mgonjwa asirudishwe na mfuko wake mkononi.

Na boksi lile la ghalani? Mtunza ghala aliyelifikisha mlangoni afanye mambo mawili kabla ya kuita gari. Ahesabu mashine, kisha aandike juu ya boksi kwa herufi kubwa: zebaki, mashine 12, takriban kilo moja, tarehe ya leo. Akishamaliza, alirudishe ndani na kufunga mlango hadi wenye dhamana watakapokuja. Atakayelipokea baada yake, awe dereva, mzimamoto au daktari wa zamu ya usiku, atakuwa tayari anajua kilichomo.